Mchicha kabatini, theluji nje: pesa ya nyongeza iende kwenye taa, hewa au mizizi?

Tuseme hema la kulimia unalo tayari: sentimita 120 kwa 60, kimo 180, limebanwa kwenye pembe ya sebule huko Minneapolis, Oslo au London. Ndani pana taa ya LED ya bei rahisi, taima, kifeni cha kubana na vyungu vya udongo wa mfuko. Mchicha unaota, ila shina limerefuka na kupinda, na majani ni ya kuhesabu. Sukuma wiki inajikongoja. Pilipili mbuzi inachanua, kisha maua yanapukutika. Mambo ya msingi yamekamilika. Sasa kuna pesa kidogo ya kuongeza, na madukani kuna vishawishi vinne: taa kubwa, mitambo ya hewa, kilimo cha maji bila udongo, na chupa za mbolea zenye picha za kupendeza.

Wengi huanza na chupa kwa kuwa ndiyo rahisi kubeba hadi nyumbani. Hapo ndipo wanapokosea. Mmea wenye njaa ya mwanga hauwezi kuitumia mbolea ya ziada. Chumvi zinarundikana chunguni, ncha za majani zinaungua, na mwenyewe anadhani kuna kirutubisho kingine kilichopungua, hivyo anaongeza chupa ya pili. Katika nyumba za nchi za baridi kinachokwamisha mara nyingi zaidi ni mwanga, halafu hewa, halafu mizizi. Mbolea huja mwisho. (Aliye Dar es Salaam au Mombasa na ana kibaraza chenye jua asinunue taa yoyote. Aruke moja kwa moja hadi kwenye mizizi.)

Pima kwanza

Vipimo vitatu vinatosha, na viwili kati yake ni vya bei ndogo sana. Cha kwanza ni mwanga: programu ya simu inayosoma luksi, simu ikiwa imelala juu ya majani huku kamera ikitazama taa. Soma mahali tisa, katikati na pembeni, kisha gawanya kila namba kwa 70. Kwa LED nyeupe utapata takribani mikromoli za fotoni (chembe za mwanga) kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Si kipimo cha maabara, lakini kinatofautisha 80 na 250, na hiyo ndiyo tofauti inayokuhusu. Taa za zambarau haziwezi kupimwa hivi. Luksi hufuata macho ya binadamu, na macho yetu huona nyekundu na buluu hafifu.

Cha pili ni kipima joto na unyevu chenye kumbukumbu ya juu na ya chini. Kiache hemani usiku kucha. Cha tatu ni kipimajoto cha kuchomeka, ukitumbukize ndani ya chungu au ndoo, kwa sababu sakafu ya zege mwezi wa Januari haina huruma.

Taa: nne zinazofanya kazi moja

Mmea hujumlisha mwanga wa siku nzima. Chukua mikromoli, zidisha kwa saa taa inazowaka, zidisha tena kwa 0.0036, utapata moli kwa siku. Mboga za majani kama letusi na sukuma wiki hutaka 12 hadi 17. Mwongozo wa letusi wa Chuo Kikuu cha Cornell ulisimama kwenye 17, na juu ya hapo hatari ya ncha za majani ya ndani kuungua hupanda kama hewa haitembei. Pilipili na nyanya zinataka 20 hadi 30. Mchicha ni mmea wa joto na jua kali. Ukiupa 20 haulalamiki.

Kwa hiyo mikromoli 250 kwa saa 16 ni moli 14.4, na hiyo inatosha mboga za majani. Pilipili ipewe 450 kwa saa 14, yaani karibu moli 22.7. Hema la 120 kwa 60 lina mita za mraba 0.72, na karibu robo ya mwanga hupotelea kwenye kuta hata zikiwa za kung'aa. Ukitaka 250 juu ya majani, taa yenyewe itoe kama mikromoli 230 kwa sekunde. Hizi hapa njia nne za kuzipata:

| Taa | Wati za kweli | Uniti kwa mwezi, saa 16 kwa siku | Kasoro kubwa |
|---|---|---|---|
| LED nzuri (mikromoli 2.5 au zaidi kwa kila jouli) | 90 | 43 | Bei ya kununua |
| LED ya bei rahisi (karibu 1.5) | 150 | 72 | Joto, na wati za uongo kwenye boksi |
| Mirija ya fluoresenti ya T5 (karibu 0.9) | 250 | 120 | Mirija hufifia na hubadilishwa |
| Taa ya mvuke wa sodiamu ya wati 250, pamoja na balasti (kifaa cha kuiendesha) | 275 | 132 | Balbu ya moto mno kwa kimo hiki |

Sodiamu ilikuwa mfalme wa vitalu vya kioo kwa miaka mingi, na penye dari ya mita tano bado ina hoja. Ndani ya hema la kimo cha 180, ukitoa chungu na mmea, umbali unaobaki ni mdogo mno. Wapo wanaojitetea kwamba joto lake linasaidia wakati wa baridi. Ni kweli, kila wati hugeuka kuwa joto, lakini joto la hita ya kawaida unaliweka unapotaka, na la balbu linakaa juu ya majani machanga.

T5 zina sifa moja: mwanga wake ni laini na sawia, mzuri kwa miche. Ukiwa nazo tayari, zibaki kwenye rafu ya miche. Kuzinunua leo kwa kazi ya kukuza ni kulipa umeme mara karibu tatu.

Ushindani wa kweli ni kati ya LED hizo mbili. Tofauti ya uniti 29 kwa mwezi, zidisha kwa bei ya umeme wa kwenu. Ulaya mara nyingi LED nzuri hurudisha tofauti ya bei ndani ya majira machache ya baridi, na kwenye umeme wa bei chee huchukua muda mrefu zaidi. Usiamini namba kubwa ya kwenye boksi. Taa inayoitwa "1000" huweza kuvuta wati 100 tu ukutani. Tafuta namba ya mikromoli kwa jouli, na ukishanunua ichomeke kwenye kipima umeme cha soketi. Chagua nyeupe, si zambarau, kwa sababu chini ya zambarau huoni jani lililopauka wala utitiri.

Umbo nalo lina uzito. Bodi moja ya mraba ikining'inia katikati ya hema la mstatili inaweza kutoa mwanga maradufu katikati kuliko pembeni, kwa hiyo mchicha wa katikati unapauka huku wa pembeni ukirefuka. Mapao manne, au bodi mbili ndogo zilizotenganishwa, huondoa tatizo hilo bila kuongeza wati. Kama bodi moja ndiyo uliyo nayo, ipandishe juu kidogo na uongeze nguvu. Utapoteza mwanga fulani kutani lakini utapata usawa. Taa isiyo na kitufe cha kupunguza mwanga iache dukani, maana mche wa wiki moja unataka 100 hadi 150, na kuinua taa kila siku kwa kamba kunachosha haraka.

Ukizidisha, majani ya juu hupauka wakati ya chini ni ya kijani, kingo zinakunjika kuelekea juu, na mmea unadumaa kwa kimo. Punguza kwa asilimia 20 na usubiri siku nne. Usibadilishe mbolea wakati huohuo, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi.

Hewa: feni, kinyunyiza unyevu, au kuacha zipu wazi?

Hili ndilo watu hulielewa vibaya zaidi. Hewa ya nje yenye nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikiwa imejaa unyevu wote inaoweza kubeba, ukiipasha hadi 22 bila kuongeza maji hubaki na unyevu wa takriban asilimia 10. Kupika, kuoga na kupumua huipandisha hadi 20 au 30. Sasa feni yako ya kutoa hewa, ya inchi nne, inaweza kubadilisha hewa yote ya hema dogo zaidi ya mara moja kwa dakika. Hema hilo lina mita za ujazo 1.3 tu. Matokeo yake unaivuta hewa ya jangwa na kuipitisha juu ya majani mchana kutwa. Mmea hufunga vinyweleo ili usikauke, na ukifunga hauli. Juu ya hapo, utitiri mwekundu hupenda ukavu kuliko kitu chochote.

Ukiliacha hema limefungwa na feni imezimwa pamoja na taa, unahamia balaa la pili. Taa zikiwaka una nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 60. Zinapozimika joto linashuka hadi 18, na maji yaleyale yaliyo hewani yanakuwa karibu asilimia 98. Umande unatua kwenye majani na kuta, na baada ya wiki mbili unakuta ubwiri unga kwenye majani na kinyausi (shina kuoza chini) kwenye miche.

Ukilinganisha dawa zilizopo, kinyunyiza unyevu hutibu mchana na kuzidisha ubaya wa usiku. Pia kinakula maji na, kile cha mvuke baridi kikitumia maji magumu, kinamwaga vumbi jeupe la chokaa kwenye majani na hata kwenye televisheni. Kikausha hewa hutibu usiku, ila kinapandisha joto na ni kikubwa mno kwa hema hili. Kuacha zipu wazi si jambo la kudharau: ni bure, na kwa mboga tupu hufanya kazi vizuri, ila unapoteza mwanga na sebule yote inang'aa usiku. Kinachoshinda ni kidhibiti cha feni kinachosoma joto na unyevu, badala ya taima. Mchana kinaiacha feni itembee polepole ili unyevu wa mimea yenyewe ubaki hemani. Usiku kinaiongeza kasi pindi unyevu unapopita kiwango ulichoweka. Kiweke kwenye 65 hadi 70 mchana, 75 usiku, halafu rekebisha kwa kutazama kumbukumbu ya kipimo.

Kifeni cha ndani kiwe cha kuzungusha hewa, majani yatikisike kidogo tu. Kikielekezwa kwenye mmea mmoja, mmea huo utakauka upande mmoja. Ncha za letusi zinazoungua katikati ya mmea, mahali majani yamejifunga, mara nyingi ni kalsiamu isiyofika kwa kuwa hewa haipiti hapo. Chupa ya kalsiamu haitasaidia. Kifeni kitasaidia.

Vitu viwili usinunue. Chujio la mkaa ni la kuondoa harufu, na mchicha hauna harufu ya kumsumbua jirani. Mtungi wa kaboni dioksaidi nao hauna faida: chumba chenye watu tayari kina zaidi ya zile sehemu 420 hivi kwa milioni za hewa ya nje, na feni yako inaivuta hewa hiyo. Gesi hiyo ikivuja chumba cha kulala ni hatari ya kweli.

Mizizi: chungu, kokopiti, ndoo tuli au ndoo ya mapovu

Udongo wa mfuko husamehe. Ukisahau kumwagilia siku mbili, mmea hunywea kisha hurudi. Udhaifu wake ni vijinzi vyeusi vinavyozaliana kwenye udongo uliolowa, na kwamba mtu hawezi kujua mbolea iliyobaki ndani ni kiasi gani. Sentimita mbili za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena, na sukuma wiki ipewe chungu cha lita 8 hadi 10, si cha lita tatu.

Kwenye kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, mmea hukua haraka kuliko kwenye udongo kwa sababu inashika maji na hewa kwa pamoja, lakini haina chakula. Kila umwagiliaji uwe na mbolea, na asilimia 10 hadi 20 itoke chini ili chumvi zisirundikane. Tofali la gramu 650 huvimba kuwa lita nane au tisa hivi. Kosa kubwa ni kuitumia moja kwa moja. Kokopiti mbichi inashikilia potasiamu na sodiamu, na inazibadilisha kwa kalsiamu na magnesiamu ya mbolea yako; mmea unaonyesha njaa ya kalsiamu ukiwa katikati ya kalsiamu. Iloweke usiku mmoja kwenye nitrati ya kalsiamu, gramu 1.5 kwa lita, ichuje, kisha isuuze kwa maji matupu. Anayejaribu kutengeneza ya kwake pwani kutokana na makumbi ajue kwamba makumbi yaliyofukiwa kwenye mchanga wa bahari ili yatoe usumba, kama wafanyavyo Zanzibar, yamejaa chumvi. Kwa kamba ni sawa, kwa mche ni sumu hadi yaoshwe mara nyingi.

Ndoo tuli, inayojulikana kwa jina la Kratky, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, haina pampu wala umeme. Mmea hukaa kwenye kikombe cha matundu juu ya maji ya mbolea. Maji yanapopungua, mizizi ya juu inabaki hewani na kupumua. Letusi moja hutosheka na chombo cha lita nne hivi hadi kuvunwa. Inaharibika kwa njia moja kuu: mwenyewe anaona maji yameshuka, anayajaza hadi juu, na ile mizizi ya hewa inazama na kuoza. Ukijaza, usipite nusu. Ndoo isipitishe mwanga, la sivyo mwani utakuwa mavuno yako.

Ndoo ya mapovu ndiyo ya kasi kuliko zote, na ndiyo isiyosamehe. Lita 20, jiwe la hewa, pampu ya angalau lita nne kwa dakika. Pampu ikae juu ya usawa wa maji au iwe na vali ya njia moja, kwa sababu umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwenye mrija hadi sakafuni. Maji yawe nyuzi 18 hadi 22. Kwenye 20 maji hubeba hadi miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, kwenye 30 ni 7.6 tu, wakati mizizi inahitaji zaidi na kijidudu cha Pythium kinachoozesha mizizi kinafurahia. Mizizi ikiwa ya kahawia, inateleza na kunuka, mwaga maji yote, osha ndoo, shusha joto. Januari tatizo hugeuka: ndoo iliyo sakafuni hushuka hadi 14, majani ya chini yanaingia uzambarau kana kwamba fosforasi imekwisha. Kipande cha sponji ngumu chini ya ndoo kinaponya kile ambacho mbolea haitaponya.

Kwa mtu anayesafiri au anayefanya zamu za usiku: ndoo tuli kwa letusi, chungu kwa sukuma wiki. Kwa pilipili mbuzi inayokaa mwaka mzima: kokopiti. Ndoo ya mapovu ni ya anayependa kufunua kifuniko kila asubuhi.

Mbolea: chupa au unga

Chupa nyingi ni maji unayolipia usafiri. Unga wa sehemu tatu hufanya kazi ileile. Kwa lita 10: gramu 6 za mbolea ya unga ya Masterblend 4-18-38, gramu 3 za chumvi ya Epsom, gramu 6 za nitrati ya kalsiamu. Yeyusha kimoja kimoja kwa mpangilio huo, ukikoroga, kwenye maji yote. Ukichanganya kalsiamu na Epsom zikiwa nzito, unapata jasi chini ya ndoo, nayo haiyeyuki tena. Kwa letusi shusha hadi 4, 2 na 4. Kipima EC (kinachopima chumvi za mbolea majini) kisome 0.8 hadi 1.2 kwa letusi, 1.5 hadi 2 kwa sukuma wiki, 2 hadi 2.5 kwa pilipili. pH, yaani kiwango cha asidi majini, iwe kati ya 5.5 na 6.5.

Anayefanya hivi Afrika Mashariki asibadilishe nitrati ya kalsiamu kwa CAN (nitrati ya kalsiamu na amonia). Majina yanafanana, lakini CAN ina amonia nyingi na chokaa isiyoyeyuka.

Maji ya bomba ya London ni magumu, kwa hiyo pH hupanda tena kila baada ya siku mbili. Tumia asidi ya fosforiki, si ya ndimu, kwani ya ndimu huliwa na vijidudu na pH inarudi. Mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Oslo na Vancouver maji ni mepesi, huko kalsiamu na magnesiamu ndizo za kuangalia.

Umeme, kwa ufupi

Kila waya unaoshuka upinde chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni na si ndani ya soketi. Ufunguo wa kukata umeme unapovuja ni lazima penye maji. Na taima za bei ya chini huganda zikiwa zimewaka, kwa sababu LED huvuta umeme mwingi ghafla sekunde inapowashwa. Chagua inayoandikwa kuwa inafaa LED.

Nani akae na nani

Mchicha na pilipili hukaa hema moja bila ugomvi: joto la 24 hadi 28 mchana, mwanga mwingi, siku ndefu. Mchicha mwingi hukimbilia mbegu siku zikiwa fupi, hivyo usishuke chini ya saa 14. Pilipili itikisike kwa kidole kila adhuhuri ikiwa na maua, hakuna nyuki hapo. Usiku ukishuka chini ya 15 maua yatadondoka hata ukitikisa. Sukuma wiki huvumilia, ila ladha yake ni nzuri zaidi kwenye 18, basi iweke chini karibu na mlango wa zipu.

Dhania ndiyo haipatani na wenzake. Joto na siku ndefu huifanya ichanue kabla hujakata mara mbili. Itoe hemani kabisa, iweke dirishani penye ubaridi au kwenye rafu yenye mrija mmoja wa T5 uliokuwa utupwe, saa 12 kwa siku, na upande mbegu mpya kila wiki tatu.